Viti Vipya vya Ghorofa ya Tatu

Jumapili, 12 Februari

Wifi yangu mpenzi, salamu kwanza. Goti lako linasemaje na baridi ya huko? Na wale kuku, wameanza kutaga au bado wanakula bure? Sisi huku tu wazima. Kaka yako anakula, analala, anakoroma, kwa hiyo yeye ni mzima kupita wote. Mwenye jambo kifuani ni mimi. Barua moja haitalitosha, basi nimeamua kukuandikia kila siku kidogo kidogo, nyuma ya daftari la mahudhurio la jumuiya. Mbele majina ya waliokuja kusali, nyuma mambo yangu. Nikimaliza nitachana kurasa nikutumie. Usimsomee mtu.

Jambo lenyewe. Leo baada ya misa paroko ametangaza kwamba jumuiya yoyote yenye watu chini ya kumi na tano itaunganishwa na jirani yake. Yetu ataihesabu yeye mwenyewe, Jumamosi hii, saa kumi jioni, nyumbani kwangu.

Nikapiga hesabu palepale kwenye benchi. Jumamosi iliyopita tulikuwa tisa. Na mmoja wa hao tisa ni kaka yako, ambaye kila tukifika katikati ya rozari hutoka, eti anakwenda kuangalia bomba.

Na jirani yetu ni nani? Ng'ambo ya barabara. Mama Kipaza. Unamkumbuka, yule mwenyekiti wao anayesali na kipaza sauti ndani ya chumba cha hatua nne, watu kumi na sita wameziba masikio kwa heshima. Nje ya kanisa akanishika mkono kwa huruma. Akasema pole dada katibu, mkija kwetu nafasi haikosekani, tutawatafutia hata stuli.

Stuli. Mimi. Mwenye seti nzima ya viti vipya.

Wewe unajua jumuiya hii ni nini kwangu. Nilihamia mtaa huu simjui mtu, na mwezi uleule mama yangu akafariki. Ni watu wa Bibi Funguo waliopanda kwangu jioni saba mfululizo kusali na mimi. Walikaa sakafuni, maana sikuwa na hata kigoda. Nikaweka nadhiri kwamba siku nikijaliwa viti, watu hawa watakaa vizuri. Miaka kumi na minane nimeshona nguo za watu, na viti nimevipata. Sasa jumuiya ifie juu yake? Haiwezekani.

Nimemfuata mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu. Akakohoa, akafuta miwani, akasema, "Katibu, tulia. Tupo wa kutosha."

Wifi, mtu akistaafu anastaafu na hesabu zake.


Jumatatu, 13 Februari

Nimefanya uchunguzi. Kwa nini watu wametoroka?

Unajua utaratibu wetu tangu enzi zako za ukatibu: sala inazunguka nyumba kwa nyumba, Jumamosi hii kwako, ijayo kwangu, na kikapu chenye msalaba na mshumaa kinahama nayo. Ratiba ya zamu naipanga mimi. Tangu viti vifike, Jumamosi nane sasa, zamu imekuwa kwangu. Sikupendelea. Pima mwenyewe. Kwa Bibi Funguo ni chumba kimoja, chini kabisa ya jengo letu, pembeni ya ngazi, watu wanakaa mpaka kitandani. Kwa Fundi Viatu kuna harufu ya gundi, mtu anaona malaika kabla ya sala. Kwa Mama Pacha kuna pacha. Kwangu je? Ghorofa ya tatu, upepo safi, viti kumi na viwili vyenye matakia. Nailoni sijaitoa, visichafuke. Inalia kidogo mtu akijigeuza, lakini mwenye kusali kwa moyo hajigeuzi.

Nimeanza na Fundi Viatu. Nikamwuliza mbona haonekani. Akaunyoosha ule mguu wake mbovu, akautazama kama wa mtu mwingine. "Katibu, ngazi zako ni hamsini na nne. Mimi nilizihesabu mara moja, zenyewe zikanihesabu mara tatu." Visingizio. Sokoni mbona anafika?

Nikaenda kwa Mama Pacha. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Akacheka, akasema, "Dada, nikifika huko juu nakuwa sikumbuki nimekuja kusali au kujifungua tena." Visingizio.

Nikamalizia kwa Bibi Funguo. Bado ana funguo za jengo zima kwenye kanga yake, kila anayekwenda kazini anamwachia. Alikuwa mlangoni anachambua mchele. Huyu ndiye aliyeianzisha jumuiya, miaka ishirini na miwili iliyopita, watu wanne na mshumaa wa kuazima. Nikamwuliza kwa adabu, Bibi, mbona umetuacha? Akanipapasa mkono. Akasema, "Tunasali, mwanangu. Tunasali."

Mtu wa miaka themanini, mchana kweupe, ananidanganya. Nimepanda ngazi zote hamsini na nne na uchungu. Nimezihesabu. Ni kweli ni hamsini na nne.


Jumanne, 14 Februari

Nimepata mbinu. Imenijia nikiwa kwenye cherehani, nadhani ni Roho Mtakatifu, maana peke yangu nisingeifikia.

Wateja wangu. Kila mmoja nimemwambia njoo kesho, njoo keshokutwa, mpaka wameniita Bi Kesho. Sawa. Sasa nawapa siku moja wote: Jumamosi, saa kumi jioni kamili, si kibandani, nyumbani. Watapanda. Watakuta tunasali. Mtu mwenye malezi hawezi kukatiza sala kudai sketi. Atakaa. Akikaa, anahesabika.

Nahitaji sita. Nimewapata wote kabla ya adhuhuri. Dereva wa lori, suruali mbili. Nesi, sare ya kazi. Kinyozi, koti. Mwenye duka la simu, shati. Huyu akanikumbusha kwamba yeye ni mtu wa msikitini. Nikamwambia kusubiri shati hakuna dini. Akacheka, akakubali. Na shangazi wa bibi harusi, anafuata gauni, nikamsisitiza amlete na bibi harusi mwenyewe kwa ajili ya vipimo vya mwisho. Hao sita. Tisa na sita, kumi na tano. Paroko aje na kalamu yake.

Huu si uongo, wifi. Sijasema ni wanajumuiya. Nitasema tu "karibuni", na padre atahesabu vichwa.

Kasoro ni moja. Nguo zenyewe sijazianza.


Jumatano, 15 Februari

Nimeshona sare ya nesi, na shati. Lile koti lina bitana ngumu.

Jambo jingine nilikuwa sijakuambia, nikihofia utaniona nimechanganyikiwa. Jumamosi hizi zote tukiimba kuna sauti kwenye ngazi. Tukimaliza mstari, mstari unarudi kutoka chini, umechelewa kidogo, kama mtu anatuigiza. Kaka yako anasema ni mwangwi, jengo tupu huwa hivyo. Mwangwi gani una sauti ya pili na ya tatu? Mwangwi gani unaendelea kuimba sisi tukiwa tumeshanyamaza? Jumamosi iliyopita uliitikia "Amina" kabla yetu.

Leo nimeelewa. Ni watu wa Mama Kipaza. Amewatuma wakae pale chini watubeze, wamletee habari tuko wangapi. Ndiyo maana alinionea huruma kwa uhakika namna ile.

Nimemwambia kaka yako: Jumamosi wewe ni mlinzi. Saa kumi kasoro dakika tano ushuke, usimame mwisho wa ngazi, umfukuze mtu yeyote utakayemkuta anaimba. Nilidhani atabisha. Akaitika haraka, na uso mwema. Akauliza kama ashuke na chupa ya chai. Nikamwambia hiyo ni ya wanajumuiya. Kwanza sielewi inakwendaje. Kila Jumamosi najaza chupa kubwa mbili, watu tisa, na nikigeuka zote tupu. Na vikombe vyangu vinapungua. Nilikuwa na ishirini na nne.


Alhamisi, 16 Februari

Leo ni maandalizi ya kiroho.

Unajua sehemu ya kushirikishana Neno: inasomwa Injili ya Jumapili inayokuja, kimya kidogo, kisha kila mtu anasema ni neno gani limemgusa. Kwetu kimya huwa kirefu mpaka nailoni inaanza kulia. Paroko akiona hivyo atasema jumuiya imekufa tayari. Kwa hiyo nimemwandalia kaka yako maneno ya kumtoka moyoni. Nimeyaandika kwenye karatasi ayakariri.

Injili nimeitazama kwenye ile kalenda ya kanisa iliyo ukutani sebuleni, juu ya cherehani ya nyumbani. Jumapili ya saba. Ni ile ya ukipigwa shavu moja geuza na la pili. Nikafurahi, maana hata Mama Kipaza atafikishiwa na wapelelezi wake. Kaka yako amekariri wakati wa kula, wa kunawa, mpaka wa kuvaa viatu: "Ndugu zangu, mimi limenigusa neno la shavu." Anasema vizuri sana. Nilipata machozi.

Koti limeisha upande mmoja.


Ijumaa, 17 Februari

Siku mbaya. Mama Kipaza amekuja kibandani kwangu, eti anaulizia bei ya kudarizi kitambaa cha meza. Macho yake yalikuwa yanahesabu nguo, mimi, kila kitu. Akasema kwa sauti ya asali kwamba kesho atamsindikiza paroko, ili watu wangu wasijisikie wageni wakihamia kwake. Nikamwambia kitambaa kitakuwa tayari wiki ijayo. Akasema, "Wiki ijayo ya mwaka gani?" Wateja wakacheka. Hata yule wa duka la simu, ambaye nina shati lake mkononi.

Jioni nimekaa peke yangu kwenye kiti kimojawapo. Nimevitazama vile kumi na kimoja vingine. Wifi, nikuambie kweli: tukiwa tisa, hivi vitatu vinavyobaki vitupu ndivyo ninavyovitazama muda wote wa sala. Kimoja najua kingekuwa cha Bibi Funguo. Kile cha dirishani. Nilikipanga kwa ajili ya mgongo wake.

Basi. Gauni bado pindo. Suruali bado zote mbili. Mungu atafanya njia.


Jumamosi, 18 Februari

Nakuandikia mkono ukiwa bado na tepu ya kupimia. Sijui nianzie wapi. Nianzie saa kumi.

Saa kumi kamili walifika wote sita. Sijawahi kuona wateja wanawahi namna hii. Viti vikajaa, mwalimu mstaafu akakaa kwenye mkono wa kiti. Nikahesabu kwa furaha: kumi na nne. Nikarudia. Kumi na nne. Nani hayupo? Kaka yako. Nimemtuma mwenyewe akalinde ngazi. Nikachungulia mlangoni nikamwita kwa kunong'ona. Hakujibu. Nikarudi nikatabasamu kama mtu mwenye kumi na tano.

Paroko akachelewa. Tukaanza. Wimbo ule wa kwanza, na mwangwi ukapanda kutoka chini kwa nguvu kuliko sisi wenyewe. Dereva wa lori akageuka, nailoni ikalia. Akauliza, "Huko chini nako kuna kwaya?" Nikamwambia ni jirani.

Mwalimu akafungua Injili, akasoma. Nikasubiri shavu. Shavu halikuja. Ilikuwa ile ya mgonjwa wa kupooza, aliyebebwa na watu wanne, wakakuta nyumba imejaa, wakapanda juu wakatoboa paa, wakamshusha. Nikatazama kalenda ukutani. Ya mwaka jana. Niliibakiza kwa sababu ya picha.

Kimya. Nailoni. Kinyozi akaniinamia akauliza kama koti liko chumba kile.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Paroko, kijana lakini anahema kama mzee, jasho linamtiririka. Nyuma yake Mama Kipaza, kipaza kwapani, amemdaka tayari akipanda ngazi. Nyuma yao kaka yako, ameshika chupa yangu ya chai, tupu. Paroko akapishwa kiti, akaketi, akatushukuru, akaomba kila mtu ajitambulishe na aseme amekuwa katika jumuiya muda gani.

Nesi akasimama. Mtu mkweli, ndiyo kazi yake. "Mimi nimefuata sare."

Shangazi akasema wao wamefuata gauni, harusi imebaki wiki mbili, na kama halijaisha aambiwe sasa hivi kabla hajapandwa na presha. Dereva, suruali mbili. Mwenye duka la simu akasimama kwa heshima, akasema yeye ni wa msikitini, amefuata shati, lakini wimbo wa pili ameupenda.

Mama Kipaza aling'aa, wifi. Nilitamani nyumba itobolewe paa nivutwe juu.

Kaka yako akaona aibu yangu. Mtu wa watu, akaamua kuniokoa. Akasimama, akaweka chupa chini, akakunja mikono. "Ndugu zangu, mimi limenigusa neno la shavu."

Mwalimu akakagua ukurasa. Kaka yako akaendelea mpaka mwisho, bila kukosea hata neno. Akaketi. Nailoni ikalia.

Nikasema basi, tumekwisha. Nikafungua daftari hili upande wa mbele, nikampa paroko aone mwenyewe: tisa. Akalitazama, kisha akatoa kijidaftari chake mfukoni. Akasema kwa upole kwamba yeye ameandika ishirini na mmoja.

Nikamwambia, baba, hao wengine si wetu, umesikia wamefuata nguo.

Akasema hajawahesabu wa nguo. "Hapa juu mpo tisa, mumeo akiwemo. Chini wapo kumi na wawili. Wamejaa chumbani kwa Bibi Funguo mpaka kwenye ngazi. Mimi nimechelewa kwa sababu yao, nilikaa kusali nao. Walikuwa wanangoja mwanzishe wimbo ili na wao waimbe."

Nilishuka ngazi zile hamsini na nne sijui kwa miguu ya nani. Na kweli. Fundi Viatu amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mguu umenyooka. Mama Pacha kwenye ngazi ya kwanza, mtoto mmoja kwake, mwingine kwa mama muuza mboga. Wazee watatu kitandani wamejipanga kama vitabu. Na kila mmoja ameshika kikombe. Vikombe vyangu! Kumbe bomba alilokuwa akiliangalia kaka yako ni hili. Kila Jumamosi alikuwa anawashushia chai na kuwaambia somo limefika wapi. Mwalimu anajua. Wote wanane wengine wanajua, maana wakitoka kwangu wanapita hapohapo, mimi nikiwa juu naosha vyombo. "Tupo wa kutosha." Mzee wa watu alikuwa na hesabu zake zote.

Nikamwuliza Bibi Funguo kwa nini hawakuniambia.

Akasema ni yeye aliyewakataza. "Mimi nilikaa kwenye sakafu yako, mwanangu, wiki ile ya msiba. Nilikuona ulivyoona haya. Nikawaambia hawa, amevipata viti vyake, mwacheni avikalie kidogo. Atashuka mwenyewe."

Nililia, wifi. Mbele ya Mama Kipaza nililia. Nikamwambia Bibi viti nilivinunua kwa ajili yao. Akasema anajua, ndiyo maana walikuwa wanaimba kwa sauti.

Paroko naye hakuniacha. Akasema, huku anacheka, kwamba wale wanne walipasua paa ili mgonjwa wao afike, sisi tumeshindwa kugeuza ratiba. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ingawa mpaka sasa najiuliza mwenye lile paa alilitengenezaje.

Halafu likatokea tamu kuliko asali. Katika wale kumi na wawili wa chini kulikuwa na mzee mmoja na mkewe, wamejibana nyuma ya mlango, wanakaa ng'ambo. Watu wa Mama Kipaza hasa. Mwenyewe akawauliza kulikoni. Mzee akajibu kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu ambao masikio yamechoka, kwamba wamehamia huku tangu mwezi jana, huku mtu anasikia mpaka moyo wake. Mama Kipaza akahesabu kwa vidole. Kumi na sita, toa wawili. Kipaza kikashuka kutoka kwapani mpaka gotini.

Ila wateja wangu walikuwa wamenifuata chini, wote sita, wanataka nguo. Nikatoa sare na shati. Nikasema yaliyobaki ni kesho. Shangazi akakaa kwenye ngazi ya pili, akajipepea, akasema hatoki hapo bila gauni. Bibi Funguo akauliza kimebaki nini hasa. Nikasema pindo, vifungo, na suruali. Akasema basi lete cherehani, mikono ipo.

Wakapanda dereva wa lori, kinyozi, mwenye duka la simu na kaka yako. Wakaibeba cherehani yangu na meza yake, kila mmoja pembe yake, ngazi kwa ngazi, "polepole, polepole", wakaitua katikati ya chumba cha Bibi. Fundi Viatu akachukua suruali, sindano anaijua kuliko mimi, ila kashona pindo kwa uzi wa viatu, haitafumuka hata siku ya kiyama. Nesi akashona vifungo vya koti. Bibi harusi akashikilia gauni lake mwenyewe nikalizungusha pindo. Dereva, na ukubwa wake ule, akabembeleza pacha, wote wawili wakalala. Mtu mmoja akaanzisha wimbo, sikumbuki nani. Hapakuwa na mwangwi.

Giza halijaingia, kila mtu alikuwa na nguo yake. Mara ya kwanza katika maisha yangu ya ushonaji nimemaliza siku niliyoahidi.


Jumapili, 19 Februari

Paroko ametangaza. Jumuiya yetu inabaki, na jina lake, na kikapu chake. Watu ishirini na mmoja. Bibi Funguo alikuwa benchi la mbele, funguo zikalia aliposimama, akanitafuta kwa macho.

Nimejifunza, wifi. Nasema mbele ya Mungu nimejifunza. Nimepanga upya ratiba ya zamu. Jumamosi ijayo kwa Bibi Funguo, inayofuata kwa Fundi Viatu, dirisha likiwa wazi. Halafu kwa Mama Pacha. Ghorofa ya tatu tutapanda siku watu wanne watakapopatikana wa kumbeba Bibi, na dereva wa lori amekwishajitolea pembe moja. Nailoni nimeitoa kwenye kiti cha dirishani. Kaka yako amekishusha leo asubuhi. Bibi amekikalia, amesema kinamfaa mgongo, na hakilii.

Kile kimoja tu. Ila nimepima chumba chake kwa tepu. Kitanda kikisogezwa hatua moja na kabati likitoka nje, viti vinane vinaingia. Sijamwambia bado. Nangoja awe na furaha zaidi.

Na jambo dogo la mwisho. Mama Kipaza sasa ana kumi na wanne. Kumi na wanne ni chini ya kumi na tano, mimi sikuitunga sheria. Jirani yake ni nani? Nje ya kanisa nilimshika mkono kwa huruma. Nikamwambia pole dada, mkija kwetu nafasi haikosekani, tutawatafutia hata stuli. Akaniambia paroko amempa wiki mbili za kutafuta mtu mmoja. Mtu mmoja tu! Anaweza kumpata popote. Anaweza hata kuwarudisha wale wazee wawili kwa maneno matamu, na akianza na hao, nani atamzuia kwa wengine? Lazima tuongezeke haraka, sisi kabla yake.

Kwa hiyo sikiliza. Jumamosi ijayo goti lako litakuwa limepona. Tunasali chini, ngazi hakuna hata moja. Umewahi kuwa katibu wa jumuiya hii, kwa hiyo si uongo, ni kurudi nyumbani. Shangazi wa bibi harusi naye nimemwambia gauni linahitaji kuangaliwa tena kidogo, saa kumi kamili.

Nimekuandika tayari, kwa penseli, namba ishirini na mbili. Chini yako nimeacha mistari mitano. Nijibu upesi, wifi yangu, uniambie unakuja na watu wangapi.